Ofisi ya Usajili wa Hasira

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Naomba msomaji alishike hilo tangu mwanzo, kwa sababu wapo watakaosema wanaijua, na watu wa namna hiyo kwetu huitwa ofisini kueleza wameijuaje. Jina lake sitalitaja. Kulitaja kunahitaji kibali, na afisa wa vibali yuko semina.

Mimi nilikuwa karani wa masjala katika Mahakama ya Mitaroni kwa miaka kumi na minane. Kazi yangu ilikuwa kuyatoa mafaili kabatini asubuhi na kuyarudisha mchana. Katikati hapo hakimu aliyafungua, akawauliza polisi kama wako tayari, polisi wakasema upelelezi haujakamilika, naye akayafunga. Tulikuwa na kesi ya baiskeli iliyoibwa kabla sijaoa. Nilipokuwa naozesha binti yangu, mlalamikaji alishafariki, mshtakiwa alishafariki, na baiskeli yenyewe, iliyoletwa kama kielelezo, ilikuwa imeliwa na kutu ikabaki kengele. Kengele hiyo tuliileta mbele ya hakimu kila mwezi kwa heshima zote.

Kwa hiyo mtu asiwacheke wananchi wa nchi hiyo kwa kukipenda kipindi cha *Tufani Haina Rufaa*.

Kilionyeshwa na televisheni ya taifa kila Jumapili saa kumi alasiri. Kata yetu ilikuwa na televisheni moja, imefungiwa ndani ya kizimba cha nondo katika ofisi ya mtendaji, na ilipofika saa tisa na nusu hapakuwa na pa kukanyaga. Mchezo ulikuwa haubadiliki. Dakika kumi za kwanza mhalifu anatenda uovu wake na sisi tunamwona. Halafu polisi wanashindwa kumkamata, au wanamkamata na hakimu anamwachia, au wakili mwenye tai nyekundu anasimama na kutaja kifungu cha sheria, na hapo ofisi nzima inazomea. Ndipo anapoingia Kamanda Tufani, mtu aliyefukuzwa polisi kwa kuwa mkweli kupita kiasi. Anavua miwani yake myeusi, anasema, "Rufaa yako iko mbinguni," na mhalifu anakufa. Yote hayo kwa dakika arobaini na tano, pamoja na tangazo la sabuni. Watu wanapiga makofi, wanajikung'uta vumbi, wanakwenda kupika.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze vizuri. Wahalifu wote wa *Tufani Haina Rufaa*, kuanzia mwizi wa ng'ombe hadi mganga anayetia sumu kisimani, waliigizwa na mtu mmoja. Si kwamba nchi ilikosa waigizaji. Ikama ya televisheni ya taifa ilikuwa na nafasi moja tu ya Mhalifu, nayo ilikuwa haijathibitishwa, hivyo mwenye nafasi alikuwa akiikaimu tu kwa mwaka wa kumi na moja. Huyo Kaimu Mhalifu alikuwa shemeji yangu, Athanasi Chilewa, mume wa mdogo wangu Skolastika. Jumapili hii alitupwa kutoka ghorofani. Jumapili iliyofuata alirudi na shati jingine na masharubu, akagongwa na treni. Skolastika alikuwa amepiga hesabu kwamba mumewe ameuawa mara mia tano na sabini na mbili, na mara zote alirudi nyumbani kabla ugali haujapoa.

Siku za kazi Athanasi alikuwa akitengeneza cherehani mbovu kwenye kibanda chake karibu na soko. Alikuwa na nyusi nzito na kovu shavuni, alilolipata alipoanguka na baiskeli akiwa amebeba kichwa cha cherehani ya mteja, akachagua kukiokoa kichwa cha cherehani kuliko cha kwake. Siku ya kuchinja kuku aliingia chumbani, akafunga mlango na kuimba nyimbo za kwaya mpaka aambiwe tayari. Sijapata kumwona mtu mpole kama yule, na nilimpenda, na naomba hilo nalo lishikwe.

*

Waziri wa Haki, Utulivu na Burudani, Mheshimiwa Hamduni Kizibo, alikuja kwenye kata yetu kuzindua choo. Ilikuwa Jumapili. Hakuna aliyekuja kwenye uzinduzi, kwa sababu wananchi wote walikuwa kwa mtendaji wanaangalia Tufani. Mheshimiwa aliwafuata huko, akasimama mlangoni, akaona watu mia tatu wamekaa kwa nidhamu, hakuna anayelalamika maji wala barabara, wote wanataka mtu mmoja afe. Wanasema machozi yalimtoka.

Kipindi kilipokwisha aliomba kipaza sauti. Alisema mahakama za nchi hiyo zinachukua miaka saba kutomfunga mtu, ilhali Kamanda Tufani anamaliza shauri kwa dakika arobaini na tano na bado anapata nafasi ya sabuni.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimejiuliza, kwa nini Tufani hajawahi kumwadhibu mtu asiye na hatia? Jibu ni kwamba hapotezi muda kutafuta ushahidi. Ushahidi ndio unaowachanganya mahakimu wetu."

Makofi yalipigwa mpaka kizimba cha televisheni kikatikisika. Mwalimu mmoja alijaribu kusema kwamba Tufani hakosei kwa sababu kamera imeshatuonyesha sisi sote mwizi akiiba, na kwamba katika maisha kamera hiyo huwa haipo. Lakini mwalimu alikuwa amekaa nyuma na kipaza sauti kilikuwa mbele.

Mwezi uliofuata mahakama yetu ilifungwa kwa ajili ya ukarabati. Fundi hajafika mpaka leo. Mwigizaji wa Tufani, Bwana Zuberi Makuka, aliteuliwa kuwa Kamanda Mkuu wa Haki ya Papo kwa Papo, akapewa gari na miwani ya akiba. Mimi nilihamishwa pamoja na meza yangu kwenda Ofisi ya Usajili wa Hasira.

*

Ofisi hiyo ilitokana na ugunduzi wa wizara. Kwa miaka mingi redio na magazeti yalikuwa yakiripoti kwamba mtu fulani, akituhumiwa kuiba kuku au simu, amepigwa na kuuawa na wananchi wenye hasira kali. Kila wiki walikuwa hao hao. Wataalamu wa wizara wakaona aibu: kumbe kuna watumishi wanaofanya kazi kubwa kiasi hicho, mikoa yote, bila likizo, bila mafunzo, bila hata kitambulisho. Ikaamuliwa wasajiliwe.

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Mwombaji alijaza jina, kata, sababu ya hasira na mtu anayekasirikiwa, kisha mimi nilimpima. Hasira ya Kawaida ilimruhusu mwananchi kupiga kelele. Hasira ya Kati ilimruhusu kusukuma. Hasira Kali ilimpa kadi nyekundu na fimbo ya mita moja kamili, iliyokaguliwa na watu wa mizani na vipimo. Kulikuwa na mwongozo: anayetoka jasho, alama mbili, anayetetemeka midomo, alama tatu, anayerusha kiatu, moja kwa moja Kali. Kwenye picha ya kadi mwombaji alitakiwa awe amenuna, na hapo wengi walishindwa, kwa maana walikuwa wamefurahi mno kusajiliwa. Mzee mmoja alikuja na hasira za kweli kabisa, mishipa imemsimama, lakini nilipomhoji nikagundua amekasirishwa na foleni yangu. Nilimweleza kwa upole kwamba hasira dhidi ya ofisi si hasira, ni utovu wa nidhamu.

Nilisajili watu elfu mbili na mia moja kwa miezi mitano. Niliahidiwa kupandishwa cheo niwe Karani Mwandamizi wa Hasira, na sikuona haya kulitamani hilo.

Kamanda Tufani hakuanza vizuri. Shauri lake la kwanza lilikuwa la mbuzi. Alishuka garini, umati ukashangilia, akavua miwani, kisha akasimama. Watu wakasubiri. Akageuka akaniuliza pembeni, kwa sauti ndogo, mwandishi wa mchezo amesema mwizi ni nani. Nikamwambia hakuna mwandishi. Bwana Zuberi alikuwa mtu mzuri wa sura na mwenye sauti ya kutetemesha bati, lakini maishani mwake hakuwahi kusema neno mbele ya watu ambalo hakuandikiwa. Alivaa miwani, akarudi garini, akafunga vioo.

Wizara ikaunda kamati ya kuandika mashauri. Tangu hapo, mwanzoni mwa kila mwezi, ililetwa bahasha yenye orodha ya makosa ya mwezi huo na wakosaji wake. Mwezi wa Juni mwizi wa pampu ya maji alipatikana siku nne kabla pampu haijaibwa, na wizara ikapokea pongezi kutoka nchi jirani, nazo pia hazipo.

Tatizo lilitoka kwa wananchi. Hawakuridhika na wakosaji. Wenye kadi nyekundu walirudisha fimbo ofisini kwangu, wakisema kamati inawaletea watu wenye sura za walezi wa watoto na mtu hawezi kumkasirikia mtu asiyemjua. Mama mmoja muuza vitumbua aliniambia amesimama mbele ya mtuhumiwa saa nzima akijilazimisha, na hasira imekataa kabisa. Alitaka mhalifu anayeonekana kuwa mhalifu.

*

Ndipo zikapotea bati za zahanati. Zilikuwa mia mbili na arobaini, zimeletwa kuezekea wodi ya wazazi. Wiki ile ile banda la kuku la Mheshimiwa Kizibo, lenye urefu wa shule, lilipata paa jipya, na juu ya paa hilo, kwa wino wa buluu, kila bati ilikuwa imeandikwa MALI YA ZAHANATI. Wizara ilieleza kwamba viwanda vyetu hupiga chapa bila kuangalia. Mimi niliyaamini maelezo hayo. Lakini wajawazito wa kata, ambao mvua ilikuwa inawanyeshea wodini, walianza kusimama makundi makundi wakilitazama lile banda, na wizara iliona wazi kwamba hasira inataka kwenda mahali ambapo haikusajiliwa kwenda.

Alihitajika mkosaji ambaye kila mtu angemwamini. Kamati ilikaa siku tatu. Siku ya nne, ambayo ilikuwa Jumapili, waliwasha televisheni kupumzika kidogo na marudio ya *Tufani Haina Rufaa*, na wakamwona.

Niliandika maelezo ya mashahidi sitini na mmoja. Sijapata kuona mashahidi wazuri kama wale. Muuza vitumbua aliapa kwamba alimwona Athanasi kwa macho yake akiiba dawa hospitalini na kuziuza ng'ambo. Mzee wa kanisa alimwona akinyonga mjane ili achukue shamba. Mtendaji wa kata alimwona akiuza daraja. Niliwauliza walimwona wapi, wakasema hapa hapa, ofisini kwa mtendaji, na wenzao wote wakiwapo. Wote waliapa na wote walisema kweli. Hakuna aliyemwona akiiba bati, lakini kama mtendaji alivyosema, mtu aliyeuza daraja atashindwaje na bati.

Wananchi wawili wenye Hasira ya Kati walitumwa kumkamata. Mmoja wao alikuwa amempelekea Athanasi cherehani ya mkewe wiki iliyopita, kwa hiyo walikaa kwenye benchi wakasubiri amalize. Alifunga skrubu ya mwisho, akatia mafuta, akaijaribu kwenye kitambaa, akawaonyesha kwamba mshono sasa umenyooka. Wakamshukuru, wakamfunga mikono.

Skolastika alikuja ofisini asubuhi ya siku ya shauri. Mdogo wangu si mtu wa maneno mengi. Kanuni zilisema fimbo hazitoki stoo mpaka fomu ya shauri ipigwe muhuri, na muhuri ulikuwa kwenye droo yangu, na yeye alilijua hilo.

"Kaka," aliniambia, "nakuomba kitu kimoja. Usipige."

Nilimweleza taratibu. Nilimweleza kwamba nisipopiga mimi ataletwa karani mwingine asiye na undugu, ambaye huenda hata mwandiko wake ni mbaya. Kwa bahati Athanasi mwenyewe, aliyekuwa amewekwa chumba cha pili, alisikia akatuita. Akasema tusigombane kwa ajili yake. Hao watu anawajua kwa miaka kumi na mmoja, alisema, hawataki damu, wanataka kuona mtu anaanguka ndipo waende nyumbani.

"Nitawaangukia, shemeji," alisema. "Wewe piga tu huo muhuri."

Nikapiga, roho yangu ikatulia.

*

Lazima niseme ukweli, ilikuwa kazi ya kupendeza. Shauri liliendeshwa kwenye uwanja wa shule, saa kumi alasiri. Kamanda Tufani alipomwona Athanasi uso ulimng'aa, kwa maana sasa alijua la kufanya. Alivua miwani. Alisema rufaa yako iko mbinguni. Mwananchi wa kwanza alinyoosha fimbo, ikamgusa Athanasi begani kama mtu anayefukuza nzi, na Athanasi akapiga ukelele uliosikika sokoni. Alizunguka mara mbili. Alishika nguzo ya goli, akateleza polepole, akamtaja mama yake, mguu mmoja ukatikisika, ukaacha. Watu walisimama kupiga makofi. Mama wa vitumbua alilia. Dakika arobaini na tatu, na fimbo zote zilirudishwa stoo zikiwa safi.

Uwanja ulipokuwa mtupu Athanasi aliinuka, akajikung'uta, akapita njia ya nyuma ya vyoo vya shule akaenda kwake kula. Redio ilitangaza kwamba mwizi wa bati ameuawa na wananchi wenye hasira kali waliosajiliwa. Wajawazito walipiga vigelegele, kisha wakarudi wodini kunyeshewa.

Mtu wa nchi nyingine angeuliza, je, Jumatatu ilikuwaje, marehemu alipofungua kibanda? Haikuwa chochote. Watu walimsalimia, wakampa cherehani zao, wakamsifu kwamba safari hii amekufa vizuri kuliko ile ya treni. Walikuwa wamemzoea kumwona amerudi. Ila jambo moja walilijua pia kutokana na kipindi, nalo ni kwamba akirudi huwa amerudi na uovu mwingine. Kwa hiyo saruji ya daraja ilipopotea, hakuna aliyesumbuka kutafuta. Alikufa kwa ajili ya saruji mwezi wa Agosti. Septemba alikufa kwa ajili ya dawa za malaria. Banda la kuku la Mheshimiwa lilipata sakafu, kisha likapata duka la dawa mlangoni, na nchi ilikuwa tulivu kama wizara ilivyoahidi.

Naye Athanasi alizidi kuchoka. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kuteleza kwenye nguzo ya goli kulimuumiza goti. Skolastika alimkanda kwa maji ya moto na hakunisemesha. Nilikuwa nikipita kwao Jumamosi, ananiwekea chai, anakaa jikoni.

Halafu yakaja malalamiko. Wizara ilikuwa imeweka sanduku la maoni, na wananchi ni watu wa kuandika. Walisema mhalifu anakufa mapema mno. Walisema anakufa kwa namna ile ile. Zaidi ya yote, wenye kadi nyekundu walisema wamesajiliwa, wamepigwa picha wakiwa wamenuna, wamegawiwa fimbo, na mpaka sasa waliowahi kumgusa mtu ni watatu, wengine fimbo zao zinaliwa na mchwa stoo. Huo ni upendeleo, walisema, na walikuwa na hoja. Wizara ilijibu haraka kuliko ilivyowahi kujibu barua yoyote. Shauri la Oktoba lingekuwa na zamu. Watu arobaini, kwa mpangilio wa namba za kadi, majina yasomwe na karani.

Niliandika barua kuuliza kama mtuhumiwa akishaanguka zamu zinakoma. Majibu yalikuja na mstari mmoja: *Endelea kama ilivyoelekezwa.* Bahasha hiyo hiyo ilikuwa na barua ya kunipandisha cheo, na ndiyo niliyoisoma mara mbili.

Skolastika alikuja tena asubuhi ya shauri hilo. Hakukaa. Alisema, "Kaka, mara hii usipige. Arobaini ni wengi." Nilikuwa nakunywa chai. Nilimwambia Athanasi ameuawa mara mia tano na sabini na tano, je, kuna siku ambayo hakuinuka? Nilicheka kidogo nilipokuwa nasema. Nilipiga muhuri kwa mkono wa kulia, kikombe kikiwa kushoto, na chai haikumwagika.

*

Alianguka kwa fimbo ya kwanza, kama siku zote. Alizunguka, akaishika nguzo, akateleza, mguu ukatikisika ukaacha. Baadhi walipiga makofi. Lakini mimi nilikuwa na orodha mkononi, na kwenye orodha yalikuwa yamebaki majina thelathini na tisa. Nikaita jina la pili.

Wote walikuja kwa utaratibu mzuri. Yule wa cherehani, aliyekuwa ameshapandishwa kuwa Hasira Kali, alisema samahani fundi, kisha akamaliza zamu yake. Mzee wa kanisa alikunja mikono ya shati. Mama wa vitumbua aliomba aruhusiwe kubadilisha mkono, na kanuni zilikuwa kimya kuhusu hilo, nikamruhusu. Nilikuwa nasoma kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, maana nilikuwa Mwandamizi sasa. Kwenye jina la kumi na nne Athanasi aliita, "Shemeji."

Nilidhani ni maneno mapya ameongeza. Watu nao walidhani hivyo, wakashangilia kwamba maoni yao yamesikilizwa. Nikaita jina la kumi na tano.

Tulimaliza kwa dakika sitini na nane. Umati ulitawanyika ukizungumzia mpira, bei ya nyanya, mvua. Kamanda Tufani alibaki. Alichuchumaa kando ya Athanasi, akavua miwani, na nikashangaa kwa sababu shauri lilikuwa limekwisha.

"Karani," alisema, "huyu hapumui."

Nilimwambia avumilie, bado kuna watu wanapita getini. Tukasubiri wapite. Tukasubiri mlinzi afunge. Kisha nikainama, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, wameshaondoka."

*

Tulimzika Jumanne. Watu wa kata walikuja wengi, wakalia kwa uchungu wa kweli, wakachangia mchele na sukari. Wawili walimuuliza mdogo wangu, kwa nia njema kabisa, kama atarudi mwezi huu au mwezi ujao, kwa sababu wana cherehani zao kibandani.

Jumatatu iliyofuata Skolastika alipanga foleni ofisini kwangu. Alipanga na wengine, saa mbili nzima, hakutaka nimpitishe mbele. Zamu yake ilipofika aliomba fomu. Nikampa. Niliuliza sababu ya hasira, ndivyo inavyotakiwa, akasema niandike mwenyewe, naijua. Nikaandika. Nikampima kwa mwongozo. Hakutoka jasho. Midomo haikutetemeka. Hakurusha kiatu. Kwa hesabu ya alama, mdogo wangu hakuwa na hasira yoyote, na mimi niliyekaa mbele yake niliiweka kalamu chini, kwa sababu nilikuwa nimepima watu elfu mbili na mia moja na ndiyo kwanza naiona.

Ilibaki nafasi ya mtu anayekasirikiwa. Wote waliomtangulia walikuwa wameandika "mwizi", wengine "wezi". Skolastika aliichukua kalamu, akaandika jina langu kamili, majina yote matatu, langu, la baba yetu na la babu. Mwandiko wake ni mzuri, alikuwa ananishinda tangu darasa la pili. Nilitafuta kifungu cha kukataza nikakosa. Basi nikaweka alama ya Kali, nikapiga muhuri, nikaenda stoo mwenyewe kumletea fimbo. Ilikuwa imeoshwa lakini haikutakata.

Niliitua mezani, kichwa nimekiinamisha, nikasubiri.

"Sina haja ya kukupiga, kaka," alisema. "Nilitaka iandikwe tu."

Akaikunja nakala yake, akaitia kwenye mkoba, akatoka. Nilikaa na ile fimbo mbele yangu mpaka mtu aliyekuwa nyuma yake akaniuliza kama bado tunasajili.